Kipimo cha Macho

Mtu akikuuliza umelalaje, mjibu. Akikuuliza kila siku, mchunguze. Ndivyo nilivyowaambia wenzangu Madam Sandra alipoanza kuja kwenye ghala letu la Koboko na kutuuliza mgongo unaumaje, watoto wanakula nini, nani anaumwa kichwa jioni. Alikuwa meneja mpya wa wafanyakazi kule Arua, mzaliwa wa Pajulu, amesoma, anacheka vizuri. Kucheka kwake ndiko kulikonitia wasiwasi zaidi.

Sisi ni wanawake wa kuchambua karanga. Zinamwagwa mezani mbele yetu, nasi tunaondoa zilizosinyaa, zilizovunjika, na hasa zenye ukungu. Ukungu ndio adui. Ukipita kwenye gunia, mnunuzi wa ng'ambo anarudisha mzigo wote, na Mzee Candia, mwenye kampuni, alikuwa ameapa kwamba mwaka huu karanga zake zitavuka bahari, liwalo na liwe.

Na mimi macho yangu yalikuwa yameanza kunikimbia. Mbali naona sana. Nikikaa mlangoni pangu nakuambia mbuzi wa nani ameingia kwenye mihogo ya nani. Lakini karanga iliyo mkononi mwangu, Hawah mie, naiona kiwingu tu. Aliyejua ni Jovia peke yake, mwanamke wa Ludara aliyekaa ubavuni mwangu. Sinia langu likijaa, alipitisha vidole haraka, akatoa nilizoziacha, huku akiendelea na habari zake za kwaya kama hajafanya kitu. Hatukuwahi kulizungumza. Mume wangu ameshafariki, wajukuu wawili wako kwangu, na mwanamke wa umri wangu akiondolewa kazini Koboko haitwi tena popote. Kazi hii ikienda, tumekwisha.

Usiniambie nina roho mbaya. Meneja aliyemtangulia Sandra naye alituuliza kwa upole vilevile nani anaumwa mgongo. Watatu wakanyoosha mikono, maskini, wakidhani wataletewa dawa. Msimu uliofuata hawakuitwa. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na sisi tuliumwa mchana kweupe.

Basi Sandra akaja na habari ya daktari wa macho. Kila mchambuzi atapimwa, asiyeona vizuri atapewa miwani bure, na hakuna atakayefukuzwa. Alieleza kwamba mtu akiona vizuri hachoki, haumwi kichwa, na kampuni inapata karanga safi, kwa hiyo kila mmoja anafaidi. Bure! Kampuni hii hata chai ya saa nne tuliipigania. Nikawaambia wenzangu tukiwa tumezunguka sinia la chakula kwamba hawa wanataka kujua nani amechakaa. Hakuna aliyenibishia. Hata waliokuwa wamempenda Sandra waliitikia kwa kichwa.

Latifah, mdogo wetu, mwenye macho makali kuliko sote, akasema yeye atatangulia. Daktari alikuwa na kadi moja tu yenye alama zinazofanana na uma wa meno matatu, mistari kwa mistari, kubwa juu, ndogo chini. Anaishika karibu na uso wako, kama umbali wa karanga mkononi, nawe unaonyesha kwa mkono meno yameelekea wapi. Alimpima jicho la kulia, la kushoto, kisha yote mawili, kadi ileile. Latifah akatoka nayo yote kichwani. Nyuma ya ghala akaipigia doluka, ile ngoma yetu wanawake wa Kinubi ya arusini: juu, chini, kulia, kulia, kushoto. Sisi tunaoingiza hata majina ya mawifi kwenye doluka, kadi itatushinda? Tulicheza huku tumeziba midomo kwa leso. Nilicheka mpaka woga ukanitoka.

Jovia hakucheza. Alisema kichwa kinamgonga tangu Pasaka na amechoka.

"Mficha maradhi, kilio kitamfichua," akaniambia.

"Nenda basi ukajiuze," nikamjibu, kwa sababu nilikuwa na hasira, na kwa sababu niliogopa asije akanisema. Aliingia kwa daktari, akashindwa kipimo. Mimi nikaanza kujiuliza kwa nini mtu atake kushindwa, kama hajapatana na Sandra kitu fulani pembeni.

Zamu yangu nilijibu karibu kabla kadi haijatulia mkononi mwa daktari. Akasema hajapata kuona macho kama yangu kwa mama wa umri huu. Nilitoka nimeinua shingo.

Jovia akapata miwani yake. Hakuna aliyemfukuza. Siku ya kwanza alichukua karanga moja, akaitazama muda mrefu, akaanza kucheka peke yake. Nikasema ngoja, msimu haujaisha.

Kumbe aliyeitwa ni mimi. Sandra alikuja na Mzee Candia mwenyewe, akatangaza kwamba kampuni imeamua kumweka kila mtu pale anapofaa zaidi. Mama Hawah ana uzoefu, na macho yake ndiyo bora Koboko nzima. Nitahamia Arua kusimamia meza ya mwisho, ile ambayo karanga za ng'ambo zinapita kabla gunia halijashonwa. Wenzangu wakanipigia vigelegele. Nikataeje? Kukataa kungetaka sababu, na sababu ndiyo iliyokuwa kifo changu. Jovia hakupiga kigelegele. Alitazama mikono yangu tu.

Arua nilifikia kwa binamu yangu pamoja na wajukuu wangu, na kila asubuhi nikaenda kazini. Pale mezani palikuwa na wasichana wanne, macho yao mazima, lakini mkono wa mwisho ulikuwa wangu, na Jovia hayupo. Nilichambua kwa vidole na pua. Nilimshuku kila mtu. Wakinong'ona, nilijua ni mimi. Taa ikiongezwa mwanga, nilijua ni mtego. Driciru, mmoja wao, aliniletea siku moja mhogo wa kuchemsha kutoka kwao Ajia, nikauacha kwenye karatasi mpaka jioni nikijiuliza anataka nini.

Kisha mtu wa mnunuzi akaja. Akafungua gunia lililopita mikononi mwangu, akachota bakuli moja, akamwaga mezani. Hata mimi niliujua ukungu ule kwa kutazama nyuso za waliokuwepo. Mzee Candia hakupiga kelele. Alisema wote wa meza ile waondoke, waletwe watu wengine. Wasichana wakaenda bombani kulia, Driciru akiuliza wenzake amekosea wapi.

Sandra akaniita ofisini, akafunga mlango. Alikuwa amemwomba Mzee asubiri mpaka jioni, aelewe kwanza kilichotokea.

"Ukungu ulipita wapi, Mama Hawah?"

Ningeweza kuwasingizia wasichana. Neno moja tu lingetosha, maana mimi ndiye mkubwa wao na macho yangu yalisifiwa na daktari. Wallahi, neno hilo lilinifika ulimini. Lakini Driciru alikuwa bado analia pale nje, na dirisha lilikuwa wazi.

"Mimi sioni," nikasema. "Ya karibu sioni. Iko mwaka wa pili sasa."

Nikamweleza kadi, doluka, yote. Hakucheka. Alishika kichwa, akaniambia alimhakikishia Mzee kwamba macho ya Koboko ni mazima, na Mzee akaingia mkataba kwa neno lake. Ndipo nilipoelewa kwamba hata yeye kiti chake kilikuwa kinayumba.

"Kwa nini hukuniambia? Nilikwambia hakuna atakayefukuzwa."

"Mwenzako aliyekutangulia naye alikuwa mpole hivyohivyo."

Kisha akaniuliza swali ambalo sikuwa nimelitarajia, kwa sauti ndogo.

"Wengine wasioona kule Koboko wako wangapi? Nitajie majina."

Maisha yangu yote pale mezani nilikuwa natafuta kati yetu nani anapeleka maneno. Sasa ninaulizwa mimi. Nilimtazama Sandra usoni, yeye na lile tabasamu lake alilokuwa amelivua, nikatafuta alama yoyote ya kuniambia huyu ni mtu wa kweli au ni yuleyule wa migongo kwa sura nyingine. Sikuiona. Kama ni wa kweli, nikinyamaza, gunia lijalo litaoza tena na sote tutafukuzwa. Kama si wa kweli, ninawauza dada zangu kwa mdomo wangu. Nikawataja, mmoja mmoja. Wote wanne niliojua walipita kwa doluka bila kuona. Latifah nikamwacha.

Jioni ile nilisikia sauti ya Sandra nyuma ya ukuta akibishana na Mzee Candia kwa muda mrefu. Alisema ukimfukuza mtu leo kwa kusema ukweli, kesho hutaambiwa ukweli na yeyote. Wasichana wa Arua wakabaki. Mimi nikavuliwa usimamizi, nikarudishwa Koboko kwenye meza yangu ya zamani. Daktari akaja tena, safari hii na kadi mbalimbali, na watano sote tukapimwa upya. Hakuna aliyepoteza kazi. Magunia yetu sasa yanapita bila neno.

Miwani ilipofika, Sandra alitugawia mwenyewe, kila mtu na yake. Nikaivaa, nikachukua karanga. Yarabi! Niliona ngozi yake, mikunjo yake, hata alama ndogo pale ilipokatika kwenye ganda. Machozi yakanitoka kwa furaha, nikainua uso kuwaambia wenzangu nao watazame.

Wote wanne walikuwa wamekwisha kuvaa zao. Hawakuwa wakitazama karanga. Walikuwa wakinitazama mimi niliyewataja, nami kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili, pale karibu mezani, niliziona nyuso zao vizuri kabisa.