Mlango wa Kushoto

"Mjomba, funga mkanda," Glory alisema, wala hakutabasamu.

Severin akafunga. Mkanda ulikuwa umekatwa kwenye begi kuukuu la mgongoni. Aliushona yeye mwenyewe, kwenye kiti alichokichonga yeye mwenyewe, ndani ya ndege aliyoijenga yeye mwenyewe, na bado alijihisi mgeni kama mtu aliyeitwa ofisini kwa mkuu wa wilaya bila kuambiwa kosa lake. Kiti kilikuwa kinalia. Akipumua tu, kinalia. Fundi mzima, miaka thelathini na randa mkononi, amekalia kiti kinacholia mbele ya watu! Akaamua kupumua kidogo kidogo.

Ndege yenyewe haikuwa na injini wala mabawa. Lilikuwa boksi refu la mbao na plaiwudi, ndani ya ghala la zamani la mahindi pale Bigwa, ambalo Mwalimu Fidelis alilipanga akaligeuza chuo cha wahudumu wa ndege. Mwalimu alimwonyesha Severin picha sita kwenye simu, akamwambia, "Fundi, nataka mtu akiingia asahau kama yuko Morogoro." Severin akasimamisha mbavu kumi na nane za mbao, akapiga plaiwudi kuzunguka, akapanga viti safu sita na kuacha njia katikati. Darini alibandika sponji kwa gundi, kisha akalifunika kwa kitambaa cheupe mpaka likawa laini kama mto wa maharusi. Nyuma kabisa, kando ya mlango pekee wa kuingilia, akaweka chumba kidogo cha kupashia chakula, ambacho wenye kazi yao hukiita gali. Wahenga walisema ukiona vyaelea vimeundwa. Hii haikuelea popote, lakini kuundwa iliundwa, na sifa hiyo hakuna wa kumnyang'anya.

Ujira hakutaka. Alitaka Glory asome. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ndiye anayeulizwa. Dada yake Prisca, mkulima wa kabichi wa Mlali, alimshusha binti mlangoni na begi moja, akasema, "Kaka, huyu anataka kazi ya ndegeni. Mimi najua kupalilia tu. Mengine utajua wewe." Basi wakakubaliana na Mwalimu: Severin ajenge, Glory asome miezi minane apate cheti. Leo ndiyo ilikuwa siku ya mtihani wa mwisho. Wiki inayofuata kulikuwa na usaili Dar es Salaam, na asiye na cheti asingepita hata getini.

Jambo moja tu lilikuwa limemkwama Severin kooni kama mwiba wa samaki. Upande wa kushoto, boksi lile lilikuwa limebanwa kwenye ukuta wa ghala, na Mwalimu alitaka mlango wa dharura uwe huko huko, mbele kushoto, kama kwenye picha. Nyuma yake ni tofali tupu.

"Mwalimu, mlango usiotoka si mlango," Severin alimwambia siku ile. "Ni kabati."

Mwalimu akacheka mpaka akajishika kiuno. "Fundi, hapa wanajifunza kufungua. Kutoka watatokea huko kazini."

Severin angeweza kukataa. Hakukataa, kwa sababu ya Glory. Akautengeneza mlango kwa moyo wake wote, bawaba nzito, mpini wa kuinua juu, neno DHARURA kwa rangi nyekundu. Glory, mwenye mkono mzuri wa rangi, akazipaka tofali buluu na kuchora mawingu mawili. Siku ya kwanza wanafunzi walipoufungua wakaikuta mbingu ukutani, walicheka sana. Siku ya pili walicheka kidogo. Baada ya hapo, kila siku kwa miezi minane, walikuwa wakiufungua ukuta ule na kuupigia kelele: "Njooni huku! Ruka! Ruka!"

Jioni nyumbani Glory alikuwa akimpa mjomba wake kadi za maneno amuulize, naye Severin aliweka randa chini, akavaa miwani.

"Porti?"

"Upande wa kushoto, ukitazama mbele."

"Stabodi?"

"Kulia."

"Mlango ukizibwa?"

"Napanua mikono, nauziba kwa mwili wangu, nawageuza abiria waende mlango mwingine."

Kwa kuuliza, maneno yakamwingia na yeye. Kuna siku alimuuliza mteja wa kabati la nguo, "Kioo nikuwekee porti au stabodi?" Mteja akatazama kwanza kama fundi amelewa.

Sasa alikuwa abiria. Abiria kumi na wawili, kumi na mmoja wakiwa akina mama wauza mboga walioahidiwa soda na keki. Pembeni yake alikaa Bibi Agnes, aliyeshuka na karoti zake kutoka mlimani alfajiri, na aliyekataa katakata kuacha tenga lake nje.

"Severin, baba, viatu tunavua?"

"Hatuvui, mama."

"Nikitaka kutema mate?"

"Vumilia, mama. Ni dakika tano tu."

Wahudumu walikuwa wawili, Glory mbele na mwenzake Shadia nyuma. Mwalimu Fidelis alibaki nje ya boksi na filimbi na saa, maana alisema mtahini hatakiwi kuonekana. Na kwa kuwa chuo hakikuwa na mashine ya moshi, Mwalimu alimpa Shadia jiko la mkaa lililojaa majani mabichi, aliweke kwenye gali, kama watu wanaokwenda kurina asali.

Filimbi ikalia.

"Inameni! Vichwa chini! Inameni!" Sauti ya Glory ilitoka kali, yenye mamlaka, mpaka Severin akashtuka. Hakuwahi kuisikia sauti ile kwa mtoto wa Prisca. Akainama, na kwa kuwa alikuwa ameinama, hakuna aliyemwona akicheka kwa fahari.

Moshi ukaja, mweupe, wenye harufu ya majani. Akina mama wakakohoa na kutaniana. Mmoja akasema hata jikoni kwake moshi ni mkali kuliko huo. Kisha Severin akasikia harufu nyingine, na kicheko kikamkatika. Fundi yeyote aliyewahi kutengeneza makochi anaijua harufu hiyo.

Sponji.

Akageuka. Pazia la gali halikuwepo tena. Mahali pake palikuwa na moto, nao ulikuwa umeshapanda darini, unatambaa kwenye kitambaa cheupe kuja mbele, haraka, kimya, huku sponji na gundi yake vikidondoka chini kama matone ya uji mweusi. Mlango wa kuingilia ulikuwa nyuma ya moto huo. Shadia alikuja mbio akipiga mayowe, mkono wa sare yake ukifuka moshi.

Severin alitaka kusimama akakuta hawezi. Alikuwa amesahau mkanda. Alipigwa na butwaa, mikono imelala mapajani, akilini mwake likipita jambo moja tu la kipuuzi: gundi ile niliinunua mimi. Nje ya boksi Mwalimu Fidelis alisikia mayowe, akapaza sauti kwa furaha.

"Vizuri! Hivyo hivyo! Vizuri sana, msiache!"

Ndipo Glory alipofanya alichofundishwa. Aliinua mpini, akausukuma mlango wa kushoto, akasimama pembeni na kunyoosha mkono. "Njooni huku! Njooni huku! Ruka!"

Na watu wakaenda. Kwa nini wasiende? Mlango uko wazi, mbingu inaonekana, binti aliyevaa sare anawaita. Wakarundikana. Wa mbele akagonga tofali, wa pili akamgonga wa kwanza, na moshi, ambao sasa ulikuwa mweusi, ukashuka mpaka usawa wa vifua. Bibi Agnes alikuwa amebanwa mbele kabisa. Alikuwa akiisukuma ile mbingu kwa viganja vyote viwili.

"Glory!" Severin alipiga kelele, huku akihangaika na mkanda. "Glory! Huo ni ukuta!"

Glory alimtazama. Macho yalikuwa wazi, makubwa, na hayakumwona. "Njooni huku! Ruka!"

Hapo ndipo Severin alipoogopa hasa. Moto alikuwa ameshauona katika maisha yake, lakini macho ya namna ile hakuwahi kuyaona. Akaita tena jina lake, akaita jina la mama yake, ikawa kama anamwita mtu aliye upande wa pili wa mlima. Mkanda ukaachia. Akavuta pumzi iliyomuunguza kifua, na kilichomtoka mdomoni hakikuwa cha mjomba wala cha fundi.

"Porti imezibwa! Tokea stabodi! Porti imezibwa!"

Glory akageuka papo hapo. Akapanua mikono, akauziba mlango kwa mwili wake. "Mlango umezibwa! Rudi! Pita kulia! Kulia!"

Lakini kulia hakukuwa na mlango. Kulikuwa na plaiwudi, na nyuma ya plaiwudi uwazi wa hatua mbili hadi kwenye ukuta mwingine, na uwazi huo ulikwenda moja kwa moja mpaka lango la ghala. Wengine wote mle ndani walikuwa wamepanda ndege. Severin peke yake alikuwa ndani ya boksi, naye alilijua kila msumari. Alijua kwamba kati ya ubavu wa tisa na wa kumi misumari mirefu ilimwishia Jumamosi jioni, akapiga ile mifupi, tena michache, akaipaka rangi juu na kuona aibu mwezi mzima. Akajitupa chini, akaegemeza mgongo kwenye mguu wa kiti, akapiga teke kwa miguu yote miwili. Plaiwudi ikalia. Akapiga tena. Mara ya tatu ikapasuka kwa kishindo, na mwanga wa kijivu ukaingia.

"Acha mizigo! Mmoja mmoja! Inama, pita!" Glory aliwashika mabega na kuwasukuma kwenye tundu, mmoja baada ya mwingine, Bibi Agnes bila tenga lake, Shadia bila kiatu kimoja. Severin alitoka akawa anawavuta kutoka upande wa pili. Akahesabu moyoni. Mtu wa mwisho akapita, na Glory hakutoka.

"Kuna mtu mwingine?" alisikika ndani ya moshi. "Kuna mtu? Kuna mtu?" Alikuwa akikagua safu, kiti kwa kiti, kama kadi ilivyosema.

Severin aliingiza mkono mpaka begani, akapapasa hewa moto, akagusa kitambaa laini. Skafu ya sare. Akakamata na kuvuta kwa nguvu zake zote, bila huruma, kama mtu anayemtoa ng'ombe kwenye tope, na Glory akaanguka juu yake akikohoa.

Hakuna aliyekufa. Severin alilazimika kuambiwa hivyo mara nne. Majirani walikuja na ndoo, na mchanga, na mpira wa kumwagilia bustani. Shadia alipakiwa kwenye bajaji kwenda zahanati, mkono umefungwa kwa khanga yenye maji. Wengine walikaa chini kwenye kokoto mbele ya ghala, wamelowa jasho. Milima ya Uluguru ilikuwa palepale na mashamba yake, jua limewaka juu yake vizuri kabisa, na Severin aliona jambo hilo kuwa ni ufedhuli.

Glory alikaa kando yake. Masizi yalikuwa yamemjaa puani.

"Mjomba."

"Nakusikia, mama."

"Yale mawingu niliyachora mimi."

"Najua."

"Nilijua ni ukuta. Miezi minane najua." Akajifuta masizi puani. "Nikawaita. Nikamwita yule bibi aje kwenye ukuta."

Alitaka kumwambia kwamba mlango aliutengeneza yeye, kwamba aliyezitia mafuta bawaba zile zisilie ni yeye, kwamba mjomba ndiye anayeulizwa. Akamshika tu kichwa kwa mkono wenye vibanzi vya mbao, naye Glory akaacha kishikwe.

Mwalimu Fidelis akaja. Filimbi bado ilikuwa shingoni na karatasi bado ilikuwa mkononi, na uso wake ulikuwa na rangi ya majivu. Akasimama mbele yao.

"Glory," akasema. "Umefaulu. Sijawahi... Kwa kweli umefaulu."

Akanyoosha karatasi. Glory hakuinua mkono. Mwalimu akamgeukia Severin kama anayeomba amsaidie, lakini Severin alikuwa akiitazama ile karatasi, alama zake zimejazwa nusu, kila mstari na tiki yake, na alishtuka kuona kwamba kwenye mstari wa kupaza sauti, kwa yale mayowe, Mwalimu alikuwa ameandika *bora sana*.

Bibi Agnes aliwasikia. Alikuwa amekaa na miguu imenyooshwa, viganja vimechubuka.

"Mjukuu wangu," akamwambia Glory, kwa upole, kama mtu anayeuliza njia. "Kwenye ndege yenyewe, ya kweli. Ule mlango unatoka nje?"

Watu wote wakamtazama Mwalimu Fidelis. Mwalimu akaanza kuikunja karatasi, mikunjo midogo midogo.

"Sijui, bibi," Glory akasema. "Sijawahi kuingia."

Akainuka. Severin alidhani anakwenda kunywa maji. Lakini Glory alikwenda mpaka kwenye lango la ghala, lile la chuma, ambalo moshi mwembamba ulikuwa ukitokea. Akaingia hatua moja, akalivuta likafunga. Akalisukuma likafunguka, akatoa kichwa, akatazama nje upande huu na upande ule. Akalivuta tena likafunga. Akalisukuma tena. Severin aliisikia bawaba ikilia kila mara, na hakumwambia aache.