Vichwa Juu

Kule Bukavu, kabla mkasi haujagusa kitambaa, fundi aliita, "Vichwa juu?" Chumba kizima kikaitikia, "Juu!" Hapo ndipo alipokata. Kitenge chenye ndege au samaki kina juu na chini yake, na macho ya mtu mmoja huchoka.

Hapa Doornfontein, ugenini, Héritière hakuwa na wa kumwitikia. Angélique, aliyeshona naye chumba kimoja, alihamia Durban mwenye jengo alipopandisha kodi, na wateja nao walishazoea nguo za madukani. Kiti cha Angélique kilibaki dirishani. Héritière hakutaka kukisogeza. Kisha wezi wakang'oa nyaya za umeme za jengo, mashine zikanyamaza. Akabaki na cherehani ya miguu, na nyundo ya Burhani, fundi viatu kutoka Tanga, ikigonga nyuma ya ukuta wa mbao. Walikuwa wakisalimiana tu, basi.

Tumaini lake lilikuwa Mama Brigitte, aliyekuwa akiozesha binti. Mashangazi wote wangevaa sare, kitenge cha tausi kilicholetwa kutoka Lubumbashi. "Nishonee miye kwanza," alisema. "Nikipendeza, za mashangazi zote ni zako." Bila kazi hiyo, Héritière angefunga mlango.

Alikata kimya kimya, kwa mwanga hafifu wa dirishani, mtoto wake Arlène amelala mgongoni. Alipokwisha kuunga sketi ndipo alipoona: nyuma, tausi wote walining'inia miguu juu. Na kitambaa kimekwisha.

Akakitazama kile kiti. Angélique angekuwepo angecheka kwanza, kisha wangetafuta la kufanya pamoja.

Mama Brigitte alikuja kujaribu. Alivaa blauzi, akavaa sketi, halafu akafunga kitenge cha pili, alichokuja nacho, kiunoni kama akina mama wa kwao wafanyavyo. Kosa lote likafunikwa. Akajizungusha mbele ya kioo.

"Aah, Mama Arlène! Weye ni fundi ya kweli!"

Ilibaki kusema asante tu. Héritière akafungua kinywa aseme hivyo hivyo, yakatoka mengine.

"Mama, fungua hicho cha juu. Angalia nyuma."

Mama Brigitte akakifungua, akageuza shingo.

"Tausi zangu zimekufa?"

"Nilikata vibaya, mama. Nilikuwa peke yangu."

"Na nikicheza siku ya harusi, hiki cha juu kikaanguka? Watu wote waone ndege wamelewa!"

"Ndiyo maana nimekuambia."

Mama Brigitte akajitupa kwenye kiti cha Angélique. Hakuna aliyekuwa amekikalia tangu mwenyewe aondoke.

"Fundi mwingine angenyamaza," alisema hatimaye. "Hiki changu cha juu nitakifunga na pini. Lakini mashangazi..." Akatoa kitambaa kimoja mkobani. "Hiki ni cha shangazi mkubwa, na yule hana huruma. Kikitoka sawa, ninaleta vingine. Kikiharibika, eish, tutasalimiana kanisani tu."

Akaondoka, na chumba kikawa kikubwa tena. Héritière akatandaza kitambaa mezani. Akakilainisha, akakilainisha tena. Akashika mkasi, mkono ukakataa.

"Vichwa juu?"

Sauti ilitoka ndogo, na hapakuwa na wa kujibu. Mtoto akajinyoosha mgongoni. Héritière akaita tena, safari hii kwa sauti kubwa, kama walivyoita kwao.

Nyundo ikanyamaza ng'ambo ya ukuta.

"Waniita, dada?"

"Hapana." Akausogelea ukuta. "Ndiyo, kaka Burhani. Njoo uniangalizie ndege."

Burhani akaja na kiatu cha watu mkononi, akainamia meza kwa makini, akafuata tausi mmoja mmoja kwa kidole.

"Mbona wamesimama wima kuliko mimi?"

"Basi sema juu."

"Niwaambie ndege?"

"Niambie mimi. Kwa nguvu."

Burhani akamtazama, akaona hatanii. Akavuta pumzi.

"Juu!"

Mtoto akashtuka, akaanza kulia. Héritière akambembeleza kwa kutikisa mabega, huku akicheka, na mkasi ukaingia kitambaani.