Shavu la Kulwa

...kwa sababu chapa haibembelezwi, ukishaanza kuibandua karatasi ubaoni unaibandua yote, ndivyo alivyowafundisha Donatus tangu siku ya kwanza ya semina ya kuchonga picha ubaoni na kuzichapa, na sasa Mbuke ameshika pembe ya karatasi kwa vidole viwili, kijiko alichokuwa akisugulia mgongo wa karatasi kimelala pembeni, wino umeshashika, kimebaki kuinua tu, na hainui, anaogopa, anaogopa kama mtu aliyesikia kitu kikitambaa uvunguni, maana ni sasa hivi, maonyesho yanafunguliwa saa nne na watu wameanza kujaa kwenye ukumbi huu mdogo wa sanaa hapa Kambarage, ndiyo kwanza anakumbuka kwamba kila kinachochongwa ubaoni hutoka kimegeuka, kushoto huwa kulia, na yeye, mwerevu kweli kweli, akageuza jina la mumewe peke yake, siku mbili nzima anachonga KULWA kinyumenyume, herufi moja moja, huku akijisifu, uso akauacha vilevile anavyoukumbuka, na dimpozi lake... nje mtu anamwamkia mama mkwe wake, "Shikamoo mama," "Marahaba mayu, mkamwana wangu yuko wapi?" mama wa watu katoka Mhunze alfajiri, kajifunga kitenge chake cha kanisani, kaja kumwona mwanawe aliyefukiwa duarani, kwenye shimo la dhahabu kule Geita, mwaka juzi, na hata mwili hakuonyeshwa, wanaume walisema mama asione shimo lilivyomfanya, ndipo Mbuke akamwahidi, nitakuchongea uso wake mama, utamwona... na mapacha wale walifanana hadi mwalimu akimchapa huyu kwa kosa la yule, dimpozi tu ndilo liliwatenganisha, la Kulwa shavu la kushoto, la Doto la kulia, mama yao alikuwa akiwatekenya kwanza wacheke, ndipo amwite mtu jina.

Basi aliyelala chini ya karatasi hii ni Doto, ameandikwa Kulwa, mtu mzima wa afya kapewa jina la marehemu, na mama yake atamtambua kwa jicho moja, atapiga yowe ukumbi mzima ugeuke, maana Doto mwenyewe yuko Geita, kashuka duarani tangu Jumatatu na simu haipatikani, chini kule mtandao hamna, ni kawaida, ni kawaida, Mbuke, tulia... lakini watu wa Mhunze hawatasema amekosea kuchonga, watasema ni mchawi, kamzika mmoja sasa anamwita wa pili, na neno kama hilo likishatoka mdomoni mwa mtu halirudi, yule jirani yao mjane alihama na godoro kichwani kwa dogo kuliko hili... "Mama Noela, inua basi, wageni wanasubiri," Donatus anamwambia, "Bado haijashika," anajibu, mwongo, imeshika, angeweza kuichana, angesema wino umemwagika, na kuchonga upya hakuna muda, na yule mama arudi Mhunze mikono mitupu... halafu mbona mama mkwe wala maneno ya watu hayamo kabisa kichwani mwake sasa, anachokiona ni ngazi ya miti inayoshuka gizani na mgongo wa Doto, Doto aliyemjengea jiko, aliyembeba mwanawe Noela hadi zahanati homa ilipompanda, na Kulwa alikuwa mume mwema, hakuna wa kusema vinginevyo, akija mara mbili kwa mwaka na vitenge na sukari, akiondoka hata hajaizoea sauti ya mwanawe... siku ile alikuwa anaanika michembe ya viazi mkekani, simu ikaita, mchimbaji mmoja akasema shemeji, kaa chini kwanza, pacha mmoja kafukiwa, hapo hapo mtandao ukakatika, na mpaka simu ilipoita tena alikuwa amepiga magoti katikati ya michembe anaomba, na tangu siku ile amewaambia watu, hata kanisani kasimama akashuhudia, kwamba alimwomba Mungu amwachie mume wake, kalisema hilo mara nyingi hadi akaliamini mwenyewe... mlango unasukumwa, kitenge cha kanisani kinaingia, "Haya mkamwana, nionyeshe mwanangu," na Mbuke bado ameganda, hajainua, anasikia sauti yake mwenyewe ya siku ile mkekani, wazi kabisa, neno kwa neno, ee Mungu, asiwe Doto, asiwe Doto, na Mungu akamsikia.