Fundi Mosi na Daktari wa Kope

Mosi alikuwa fundi cherehani wa Bigwa, mjane wa miaka hamsini na mbili. Kope zake za juu zilikuwa zimelegea, kila mteja akimuuliza kama hakulala. Ernest, aliyefungua kliniki ya urembo karibu na soko, alimwahidi kuipunguza ngozi hiyo kwa nusu saa tu. Mosi aliliona koti lake jeupe, akaamini, akakubali kukatwa.

Vidonda vilipopona, macho yakagoma kufumba. Alilala yakiwa nusu wazi, akaamka yanawaka kama yamepakwa pilipili. Uzi haukuingia tena kwenye tundu la sindano. Alirudi kliniki, na Ernest akamjibu akiwa amesimama mlangoni.

"Mama, huo ni uzee. Usiniharibie jina mbele ya wateja."

Wasichana wawili waliokuwa wakingoja ndani wakacheka. Mosi alitembea hadi nyumbani.

Hospitalini alipokewa na daktari wa macho aitwaye Jesca.

"Shikamoo, mama. Kabla huyo wa kliniki hajakukata, alikuuliza kama macho yako huwa makavu?"

"Marahaba. Hakuniuliza."

"Kisukari? Presha? Dawa unazotumia?"

"Wala."

"Alikwambia kwamba ngozi ikikatwa nyingi jicho halifumbi?"

"Aliniambia nitapendeza."

Jesca alishusha pumzi. "Amekata nyingi mno. Itabidi tupandikize ngozi kidogo makovu yakishalainika; kwa sasa utatumia dawa ya matone. Na huyo mtu, mama, ulimuuliza amesomea wapi?"

Mosi aliomba karatasi, akataka maswali yote yaandikwe kwa herufi kubwa.

Wiki hiyohiyo alikodi kibaraza mkabala na kliniki ya Ernest, akaweka cherehani yake pale. Alimwita kila mwanamke aliyeelekea kwenye ule mlango, akavua miwani yake ya jua na kumwambia afumbe macho pamoja naye. Kisha alimsomea karatasi. Wengine waligeuza njia palepale. Wengine waliingia na maswali, wakatoka wamenuna.

Mosi alipofikisha mwezi wa pili pale, Ernest alivuka barabara.

"Mama Mosi, nikufanyie nini uondoke hapa?"

"Niambie ulisomea udaktari wapi."

Ernest alitazama chini. Mosi alihisi utamu ambao hajawahi kuupata kwenye chakula chochote.

"Mama, inatosha sasa," binti yake Eva alimwambia jioni ile.

"Haijatosha."

Alipeleka barua ya Jesca iliyoeleza jeraha lake kwa mganga mkuu wa wilaya. Wakaguzi wakaja na polisi, wakakuta vyeti vya kughushi. Mahakamani Mosi alisimulia kila kitu, hata kile kicheko. Ernest alifungwa miaka mitatu.

Siku chache baadaye mama yake Ernest alifika kutoka Turiani, amebeba kilo chache za mchele. Alipiga magoti sebuleni.

"Mwenzangu, msamehe mwanangu. Andika kwamba umemsamehe, tukate rufaa."

Mosi alimnyanyua, akamkalisha, akampa maji.

"Wewe hujanikosea. Ila yeye sitamwandikia hata mstari mmoja."

"Hata kwa ajili ya Mungu?"

"Mungu akitaka kumsamehe, amsamehe. Mimi sitaki."

Yule mama alilia, kisha akaondoka na mchele wake. Mosi alifunga mlango. Alijiuliza kama atamwonea Ernest huruma, akangoja kidogo. Huruma haikuja. Jumatatu iliyofuata alikwenda kwa Jesca kupandikizwa ngozi, na safari hii aliuliza maswali yote mwenyewe kabla ya kupanda kitandani.