Rafiki wa Tormod

Miaka arobaini na mmoja nilisogea mbele kanisani kushiriki Meza ya Bwana, na mume wangu Tormod akabaki benchi la nyuma. Hapa kisiwani Lewis, Uskoti, wapo wengi kama yeye, wanaojiona hawastahili. Nilimsema sana.

"Unaniaibisha, mzee! Wenzako wote wako mezani."

"Nenda tu, Seonag. Utanisalimia Bwana."

Kila alasiri mtambo wake wa kufumia vitambaa ulinyamaza bandani, nami nikapaza sauti kutoka jikoni: "Umelala tena?"

"Naongea na Yesu."

"Basi mwambie akusaidie kufuma!"

Alicheka. Kisha nikamsikia anamwambia kweli.

Jumanne tulimzika. Leo nimechoshwa na ule ukimya, nikaingia bandani, nikakaa kwenye kiti chake.

"Yesu," nikaita.

Maneno yakaniishia hapo hapo. Maombi ya kanisani nimeyakariri, marefu na mazuri, lakini huwezi kupiga nayo soga na mtu. Nikamwonea Tormod wivu. Nililia mpaka kamasi zikanitoka, ndipo nikamuuliza Yesu:

"Alikuwa anakwambia nini kuhusu mimi?"