Mlango wa Chumba cha Meno

Mama alifika na watoto wake watatu asubuhi, kliniki ikiwa bado inanuka dawa ya kupigia deki, akawakalisha kwenye benchi kwa kufuata umri. Kitinda mimba alikuwa na miaka minne na jino lililotoboka. Wa katikati, wa miaka minane, alikuja kusafishwa meno. Kifungua mimba, binti wa miaka kumi na minne, alikuwa amefunika mdomo kwa kiganja tangu nyumbani, kwa sababu jino lake la mbele lilikuwa limekatika nusu.

Nesi aliwaita wote ndani, akamkumbusha mama habari za mlango. Mlango wa chumba kile haumpitishi mtu mzima aliyemdanganya mtoto humo ndani, mpaka amwambie mtoto huyo ukweli. Watu wa mtaa walishauzoea. Kuna baba aliyemwambia mwanawe kuwa sindano haiumi, akahangaika na kitasa hadi alipokiri kwamba inauma, tena sana. Fundi seremala aliyeitwa kuurekebisha alimwahidi mtoto mmoja gari la mbao ili anyamaze tu, na hakutoka mpaka alipolitengeneza papo hapo kwa mbao za kabati la dawa. Kabati hilo mpaka leo halina rafu ya chini.

Mama alisema amesikia.

Daktari alikuwa mtu wa taratibu, na kila umri aliujulia lugha yake. Kitinda mimba alipewa kioo kidogo akishike, akahesabiwa meno moja moja, akaelezwa kwamba ganzi itamchoma kama sisimizi, kisha shavu litalala. Ilimchoma, akalia kidogo, shavu likalala. Wa katikati hakutaka hadithi za sisimizi. Alitaka kujua kila chombo ni cha nini. Daktari alimwambia anyooshe mkono akitaka kazi isimame. Mtoto akaunyoosha mara kadhaa bila sababu, na kila mara daktari akasimama. Baada ya hapo alitulia.

Ilipofika zamu ya binti, daktari alisogeza kiti karibu, akazungumza naye kama mtu mzima mwenzake. Alimuuliza jino limekatikaje. Binti alitazama taa.

"Si uliteleza bafuni, mwanangu?" mama alisema. "Mwambie daktari."

"Ndiyo, mama."

Shavuni kwa binti palikuwa na alama ya pete, pete pana ya kiume. Daktari aliiona. Watoto wa umri ule alizoea kuzungumza nao wakiwa peke yao, kwa hiyo alimwomba mama awapishe kidogo. Mama alikwenda mlangoni kwa heshima zote, akazungusha kitasa. Mlango haukufunguka.

Alirudi kuketi kwenye kibenchi cha ukutani. Alichotakiwa kusema kilikuwa kifupi: baba yako alikupiga, nami niliona. Alimpenda binti yake mno, hilo lisitiliwe shaka. Lakini nyumba ilikuwa ya mumewe, neno likishatoka halirudi, na alikuwa akimwogopa mtu yule tangu mwaka wa kwanza wa ndoa. Binti naye asingeweza kusema mama yake akiwa pale anasikiliza. Kwa hiyo mama hakutoka, na binti hakusema.

Daktari angeweza kumtoa binti hadi ukumbini akamuuliza huko. Aliliwaza jambo hilo wakati ananawa mikono. Akaona wagonjwa wanasubiri, na mambo ya nyumba ya watu yana wenyewe. Alilijenga lile jino vizuri sana, usingelitambua. Saa ya kufunga kliniki mlango ulimpitisha bila taabu. Hakuwa amemdanganya mtoto. Alikuwa amenyamaza tu, na mlango ule haukuwa na ugomvi na wanyamavu.

Mama akabaki. Nesi alimletea mto na shuka. Mumewe alikuja mara moja, akasimama ukumbini bila kuingia, maana habari za mlango alikuwa amezisikia. Aliuliza nani atapika. Binti akaanza kupika.

Kukaa kule kuna mazoea yake. Mama alijifunza kukunja pamba na kuwashika mikono watoto wa wenzake, na wagonjwa waliingia wakimwamkia kama mtu wa ofisi ile. Binti alipomletea nguo safi, waliongea habari za sabuni na masomo, kila mmoja akimwangalia mwenzake mdomo. Mara nyingi mama alifika hadi "baba yako", akauliza kama amekula. Binti alisema amekula, akaenda zake.

Miaka ikapita hivyo. Wa katikati alipelekwa shule ya bweni. Kitinda mimba alipotimiza miaka minane, dada yake, sasa mtu mzima wa miaka kumi na minane, alimleta akiwa na mdomo uliovimba na jino linaloning'inia. Mama alimwona, akashika ukingo wa benchi. Daktari alimweleza mtoto kila chombo ni cha nini, akamwambia anyooshe mkono akitaka kazi isimame, kisha akamuuliza jino limepatwa na nini. Mtoto alimgeukia dada yake.

Dada alikuwa na ufunguo wa nyumba ile mfukoni, na jioni hiyo alitakiwa kurudi kule kule.

"Uliteleza bafuni, si ndiyo?" alisema.

Mtoto akaitikia kwa kichwa. Daktari alitia ganzi, akang'oa jino, akampa pamba aing'ate. Kazi ilipokwisha dada alimshika mdogo wake mkono, wakaenda mlangoni. Kitasa hakikuzunguka. Alijaribu tena taratibu, asije akamtisha mtoto, kisha akauachia mkono wake.

Mama alisogea kwenye benchi, akampa binti yake nafasi. Nesi akaenda kutafuta mto mwingine. Kitinda mimba alisubiri kidogo, akafungua mlango, ukafunguka mara moja, akaenda nyumbani kwa baba yake.