Nitolee Rangi Hii

Fundi Kesho hakuonewa kupewa jina hilo. Ukimpelekea kiti Jumatatu, kesho. Ukirudi Jumanne, kesho. Watu walisema hata malaika wa mauti akimjia atapigwa kalenda. Kazi yake ilikuwa kuokota samani zilizotupwa, kuzibandua rangi, kuzipiga msasa na kuzipaka upya, na ufundi alikuwa nao, asisingiziwe. Ila haraka hakuzaliwa nayo. Sasa mtu kama huyo, siku ya kwanza maishani mwake kumaliza kazi palepale, kwa nini iwe siku ya ile droo?

Mwenye droo alikuwa mwanamke aliyekuwa muuzaji katika duka la rangi, mtaa wa pili. Aliingia uani kwa fundi jioni ametoka kazini, akaiona juu ya benchi, nyeupe kama muhogo uliomenywa.

"Fundi, rangi iko wapi?"

"Nimeitoa."

"Umeitoa ukaiweka wapi?"

Fundi akamtazama kwa huruma. "Mama, rangi ikitolewa inawekwa wapi? Si inatupwa?"

"Lakini nilikwambia nitolee rangi hii!"

"Ndiyo nikakutolea! Tena leo leo!"

Kule dukani, kutoa rangi ni kuipata. Mteja analeta kipande cha kitambaa, anasema nitolee hii, na muuzaji anachanganya mpaka inatoka vilevile. Kwa fundi wa mbao, kutoa ni kuondoa, basi. Wote wawili walisema Kiswahili kizuri na wote wawili walikuwa na haki, na hilo ndilo lililomvuruga zaidi mwanamke yule, maana alitaka mtu wa kumgombeza akamkosa.

Droo hiyo ilikuwa ya kabati, na kabati lenyewe lilikuwa la marehemu mama mkwe wake. Alilitupa yeye kwa mkono wake. Alidhani anafanya jema: alinunua jipya la vioo, akalitoa la zamani nje, barabarani, baba mkwe alipokuwa amekwenda kumwona daktari. Mzee akarudi, akaliangalia la vioo, akaenda chumbani. Tangu siku hiyo hakumsemesha tena moja kwa moja. "Mwambie mkeo chai imepoa," humwambia mwanawe. Mwanawe akiwa kazini, huiambia meza. Mwanzoni bibi huyo alicheka, kisha akanuna, kisha ikaanza kumuuma kwelikweli, kwa sababu mzee huyu ndiye aliyekuwa akimwita mwanangu tangu siku ya ndoa, na baba mwingine hakuwa naye. Alichotaka sasa ni kimoja tu: kumrudishia mzee kabati lake jinsi lilivyokuwa, ili aitwe tena mwanangu.

Alilitafuta, akalikuta kwa Kesho, limeshabanduliwa lote. Ilikuwa imebaki droo moja tu na rangi yake, akamwonyesha fundi asubuhi hiyo ili kabati zima lipakwe vilevile.

"Usijali," alisema fundi, ambaye sasa alikuwa anajali sana. "Niliiona rangi ile. Ilikuwa samawati."

"Samawati? Ilikuwa kijivu!"

"Kijivu cha wapi, mama?"

Wakapekua nyuma ya kabati, chini, na pembeni mwa bawaba. Fundi siku hiyo alikuwa amefanya kazi safi ajabu. Mwanamke akampigia mumewe simu aje. Mume akafika anahema, akaulizwa rangi ya kabati aliloliona tangu utotoni kila siku ya Mungu, akajibu bila kusita kwamba lilikuwa kijani.

"Kijani?"

"Kijani kabisa. Au... ngoja kwanza." Akafumba macho. "Mbona mmenichanganya?"

Mkewe akatoa mkobani kadi za rangi za dukani, akazipanga juu ya benchi. Mwanamke huyu huangalia rangi kutwa nzima. Mteja akisema maziwa humuuliza maziwa yapi. Sasa alishika kadi moja akasema ndiyo, akashika ya pili akasema ndiyo hasa, akarudi kwenye ya kwanza akaona inafanana na kitu kingine kabisa. Kadiri alivyotazama ndivyo kabati lilivyozidi kumpotea. Akaogopa. Alikuwa amelifuta vumbi miaka mingapi, kumbe hakuwahi kuliona?

"Anayejua ni Baba," alisema mume. "Alilipaka mwenyewe, akachanganya kwa mkono wake."

Basi ikabidi. Mume akamfuata mzee nyumbani, na mkewe akabaki amekaa kwenye kiti cha miguu mitatu.

Mzee aliingia polepole. Aliona kabati lake uchi katikati ya ua, akaliendea, akapitisha kiganja juu ya mbao. Fundi alianza kueleza habari ya kutoa na kutoa, akajikwaa katikati.

"Baba," alisema mkwe, "nisamehe. Nilikosa. Tunataka tulirudishie rangi yake ila kila mmoja anakumbuka yake. Tuambie ilikuwa rangi gani."

"Mwambie mkeo..." alianza mzee, akimgeukia mwanawe. Akakaa juu ya kopo la rangi, akazishika zile kadi, akazigeuza, akazirudisha.

"Sijui," alisema.

Mume akacheka kwa kudhani ni utani. Mzee hakucheka.

"Sijui, na sikuwahi kujua. Macho yangu hayatenganishi kijani na nyekundu tangu utotoni. Jani na tofali kwangu ni ndugu. Mama yako ndiye aliyekuwa akisimama pale, mimi nakoroga, ananiambia ongeza, ongeza, basi. Alinifichia aibu hiyo mpaka anaingia kaburini. Nimeililia rangi ambayo sikuwahi kuiona."

Mwanawe aliyaangalia macho ya mzee kana kwamba ndiyo kwanza anayaona. Alikuwa amekaa na baba yake maisha yake yote.

Mzee akavuta ndoo tupu, akaomba makopo na kijiti. Fundi akamletea yote, nyeupe, buluu, njano, nyeusi, na kwa mara ya pili siku hiyo hakusema kesho. Mzee akamimina hiki na kile, akaanza kukoroga. Kisha akainua uso akamtazama mkwewe, yeye mwenyewe, si meza wala mume.

"Mwanangu, simama hapa. Niambie."

Akasimama. Akainama juu ya ndoo. Rangi iliyozunguka mle haikuwa ile ya kumbukumbu yake, wala ya mumewe, wala ya fundi, na machozi yalikuwa yanaiharibu zaidi. Hakujua lolote.

"Imefika?" aliuliza mzee.

"Ongeza kidogo, Baba," alisema, na mzee akaongeza.